Udongo wa Kona ya Tatu

Kama mgonjwa wako amelazwa kwenye chumba kilichofunikwa madirisha, usimsomee haya kwa sauti. Toka nje, kaa kwenye benchi, soma kimya. Na kabla ya kurudi ndani, vua viatu. Mimi niliwahi kupinda kama upinde kwa sababu mtu alipita na kandambili.

Ugonjwa wangu uliitwa pepopunda. Sitaeleza unavyofanya kazi mwilini. Daktari wako anajua, muulize mpaka achoke, ni haki yako. Nitaandika yale ambayo hakuna aliyeniambia. Na kwa kuwa kila anayenitembelea huanza na habari za mbio, nizimalize hapa: nilikimbia, mwaka mmoja baada ya kuumwa, na sikushinda.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya sayansi ya udongo, na sikuwa na kazi. Mama yangu anaishi Ushirombo. Mdogo wake, mjomba Mabula, yuko Shinyanga, ana banda la ufundi wa baiskeli na kikundi cha wakimbiaji wa baiskeli. Nilihamia kwake. Kule kwetu baiskeli si mchezo wa wenye nafasi. Ni chuma kile kile kinachobeba gunia la pamba Jumatatu, kikavuliwa madigadi, keria na stendi Jumamosi, na Jumapili kinakimbizwa kwenye barabara ya vumbi hadi mtu atapike. Mimi nilikuwa na miguu mirefu na hasira za kukosa ajira. Mjomba aliona zinatosha.

Kisha mnunuzi mmoja wa dhahabu akajenga uwanja wa mbio za magari nje kidogo ya Buseresere. Lami nyeusi inayojizungusha, kona zimepakwa nyekundu na nyeupe, kuta za matairi kuukuu yaliyofungwa kwa waya. Magari yalikimbia humo siku chache kwa mwaka. Siku nyingine wachungaji walivusha ng'ombe nyuma ya matairi kwenda majini. Mwenye uwanja akatangaza mbio za baiskeli, na mjomba akatupeleka kuweka kambi ya mazoezi, tukapanga vyumba Buseresere.

Hatukujua kupiga kona. Barabara zetu zimenyooka, kazi yako ni kuvumilia upepo na malori. Kwenye lami ile ukilala na kona huku pedeli ya ndani iko chini, inagonga, gurudumu linanyanyuka, na umekwisha. Kona ya tatu ndiyo iliyonigongesha. Niliteleza nikaacha ngozi ya paja kwenye lami, nikaingia kwenye ukuta wa matairi, na waya uliochomoza ukanichoma kwenye kigimbi, ukaingia mpaka nikausikia ukigusa mfupa.

Sasa sikiliza desturi ya kikundi chetu. Ukianguka, udongo wa pale ulipoangukia ndio unaokandikwa kwenye jeraha. Mjomba alirithi hilo kwa waliomfundisha kukimbia. Pale mahali pamekunywa damu yako, na wewe lazima uchukue cha kwake, la sivyo patakudai kila ukipita. Kwenye barabara ya vumbi ungeinama tu na kuchota. Kwenye lami hakuna udongo. Mjomba akazunguka nyuma ya matairi, kwenye njia ya ng'ombe, akarudi viganja vimejaa.

"Mjomba, hapo wanapita ng'ombe."

"Na ng'ombe hawaumwi."

"Kijiko kimoja cha udongo huo kina viumbe wengi kuliko watu wa nchi nzima. Hicho ndicho nilichosomea."

"Basi watakusaidia kukanyaga pedeli, Profesa," alisema Shija, mkimbiaji wetu bora na mdomo wetu mbaya. "Maana peke yako umeshindwa."

Walicheka. Nilipojaribu kusimama walinilaza chini, Shija kwenye kifua, wengine kwenye miguu na mikono, na mjomba akaingiza udongo ndani ya shimo lile kwa kidole gumba, akiusukuma, akiuzungusha. Nilipiga kelele, nikamtemea mate. Yakampata shavuni. Hakukasirika. Alijifuta kwa bega na kuendelea kusukuma.

"Tayari, ng'wanawane, mwanangu," alisema. "Sasa kona ni yako."

Jeraha lilikauka vizuri juu. Hilo lilinichanganya. Niliendelea na mazoezi, na zaidi ya wiki ilikuwa imepita nilipoanza kushindwa kung'ata mkate. Nikadhani ni jino. Kesho yake shingo ikakaza, nikadhani nimelala vibaya. Mjomba alinipa ugali nikashindwa kufungua mdomo, akachukua kijiko akapenyeza mpini katikati ya meno yangu kama mtu anayefungua kopo la rangi. Kikavunjika kipande cha jino la mbele. Mdomo haukufunguka. Shija alinitazama akauliza nacheka nini. Sikuwa nacheka. Uso wangu ulikuwa umejivuta wenyewe kuwa hivyo.

Walinipeleka hospitali kwa bodaboda, mimi katikati, nimekakamaa kama ubao.

Chumba cha kusubiria kilijaa. Benchi la saruji, televisheni, watoto wenye homa, mchimbaji mmoja mwenye kidole kilichofungwa kwa fulana. Nilikaa ukingoni kwa sababu mgongo ulikataa kuegemea. Mtu akafunga mlango wa chuma kwa nguvu.

Nilichokumbuka baadaye ni dari. Mgongo ulijipinda kinyumenyume hadi nikawa nimesimama kwa kisogo na visigino, sakafuni, mikono imekunjwa kifuani, na akili nzima ipo. Hili ndilo ninalotaka ndugu wa mgonjwa waelewe: akili ipo. Huzimii. Unasikia kila uzi wa mwili ukivutwa na mtu asiyekuchukia wala kukupenda. Nilijing'ata ulimi, nikaonja damu, nikashindwa kuitema.

Watu walikimbia. "Pepo!" mama mmoja akapiga kelele, na akarudi, kwa ujasiri ambao namheshimu hadi leo, akasimama juu yangu akanyoosha mkono. "Toka! Toka ndani yake! Nasema toka!"

Kila "toka" ilinipinda upya. Alipoona napinda alidhani pepo anabisha, akaongeza sauti. Tuliendelea hivyo, yeye akipigana na pepo, mimi nikivunjika mgongo, mpaka nesi mmoja mwembamba aitwaye Koleta alipofika na kumziba mdomo kwa kiganja chake. Alimziba kweli.

"Mama, unamuua," alimnong'oneza. "Omba kimya. Anasikia."

Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Alipenyeza kijiti pembeni mwa meno hadi kooni, na mdomo wangu, badala ya kutapika, ukakifunga kijiti kama mtego. Akakitazama, akamtazama mjomba.

"Ana jeraha wapi?"

"Kapona," mjomba akasema. "Tulimtibu."

Waliponipa dawa ya usingizi, walilifungua lile jeraha lililopona vizuri na kukata nyama. Kwenye kisahani cha chuma, Koleta alinionyesha baadaye, zilikuwemo punje za udongo mwekundu na kipande cha jani kilichokwisha kutafunwa na ng'ombe. Nilisomea udongo miaka yote ile, nikaja kuuona vizuri ukitolewa mguuni mwangu.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Koleta alitundika khanga mbili dirishani, akaweka maandishi mlangoni ya kukataza kelele, na akaniziba masikio kwa pamba. Mimi ni mtoto wa mkoa wa pamba, nimeipalilia, nimeichuma, imenichana vidole. Sikuwahi kuipenda kabla ya siku ile. Kupitia pamba, sahani ikianguka jikoni iliniumiza nusu. Bila pamba, sahani ilikuwa rungu.

Nilipimia muda kwa sindano ya usingizi. Ilipokuwa inakwisha nguvu nilijua, kwa sababu taya lilianza kutetemeka, kisha tumbo likawa jiwe, kisha wimbi. Nililishwa uji kwa mpira uliopita puani. Nilijinyea, nikafutwa na watu waliokuwa wanaogopa kunigusa, maana mguso pia ulinipinda. Hakuna namna nzuri ya kuandika hayo. Ukiyakuta, usimwonee aibu mgonjwa wako, naye asijionee. Koleta alikuwa na mbinu: alinipulizia pumzi kwenye mkono kabla ya kuugusa, ili ngozi ijue kuna mtu anakuja. Jifunze hiyo. Haiuzwi duka la dawa.

Mama alifika kutoka Ushirombo na rozari yake. Aliruhusiwa kukaa, asiseme. Alizisogeza shanga, na mimi, ndani ya pamba, nikazisikia zikigongana, moja, nyingine, nyingine, na shingo ikaanza kuvutwa. Aliona. Akaiweka rozari kwenye pochi, akasali kwa kukunja vidole. Sina hakika na Mungu, sikuwa na hakika wakati huo wala sina leo. Ninao uhakika na vile vidole.

Kisha akamuuliza daktari kilichonipata, na daktari akamweleza.

Mjomba alikuwa ameketi uani chini ya bomba la maji, mahali alipokuwa ameketi tangu nilazwe. Sikuona kilichotokea, lakini nilikisikia kwa mgongo. Sauti ya mama: "Mabula! Umempaka mwanangu mavi ya ng'ombe?" Nikapinda. Kofi. Nikapinda. "Dada, nisikilize, kona ingemdai..." Kiatu, kofi, ndoo ikigaragara kwenye saruji. Kila pigo alilopigwa mjomba nililipokea mimi chumbani, kubwa kuliko lake. Kitu kikalia ndani yangu, *tak*, kama kuni kavu. Baadaye picha zilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Ulimi ulichanika ubavuni, na kwa mara ya kwanza pumzi ilikataa kurudi. Nilimwona Koleta akipanda kitandani kwangu kwa magoti, nikaona midomo yake ikisema kitu, nikafikiri, basi ndivyo hivi, kwa sababu ya ndoo.

Pumzi ilirudi. Mama aliambiwa ulichofanya ugomvi wake. Hakulia. Alirudi akaketi, akakunja vidole, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena mdogo wake. Alipokuwa anapita uani alipita kana kwamba pale kwenye bomba hapana mtu. Mjomba aliendelea kuja. Alileta maziwa, akayaacha kwa mlinzi.

Ugonjwa ulipopungua ulipungua kwa hasira, kama mtu anayetolewa nyumbani akivunja vyombo njiani. Siku moja mlango ukagonga na mimi nikashtuka tu, kama watu wengine. Nililia kwa furaha ya kushtuka tu.

Nilitoka hospitali nikitembea kama mzee wa kuchongwa kwa mti. Suruali zilinivuka. Sikuweza kugeuza shingo bila kugeuza mwili wote, na Shija, alipokuja kunitazama Ushirombo, alisema, "Profesa, sasa umekuwa lori, unahitaji mtu wa kukuongoza ukirudi nyuma." Nikacheka na mbavu zikauma. Alikuwa wa kwanza kunichekesha, na wa kwanza kuomba radhi, kwa namna yake: "Nilikukalia kifua. Ulikuwa mwepesi."

Jambo moja daktari alinisisitizia, na mimi nalisisitiza: kuugua pepopunda hakukukingi na pepopunda. Inaweza kurudi kama vile hamjawahi kuonana. Nilichomwa chanjo ya kwanza siku ninatoka. Ya pili nilichomwa mvua za kwanza zilipoanza, ng'ombe wamejikunyata chini ya ukuta wa zahanati. Ya tatu ingesubiri mpaka mahindi yakauke. Nikaweka nadhiri ambayo haikuwa ya kidini: sitapanda baiskeli kabla ya sindano ya tatu, ila nikishachomwa, narudi kwenye uwanja ule ule.

Mama alisema, "Nenda. Ila yule asikuguse." Ndivyo alivyomwita mdogo wake. Yule.

Na yule ndiye aliyekuwa na baiskeli, kikundi na kambi. Sikuweza kukimbia bila yeye, wala sikutaka, na sikuweza kurudi kwake kama angali anaamini alichoamini. Kwa hiyo wakati wa kupanda pamba nilikwenda Shinyanga, nikamkuta shambani kwake, na nikamuuliza maswali, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa na nguvu za kufanya.

"Bado unaamini ule udongo?"

"Ulitema mate," alisema bila kuacha jembe. "Uwanja ukakasirika. Nimewakandika wengi, Luhende. Wewe mmoja ndiye uliyepinda."

Lilikuwa jibu zuri. Hata chuoni wangelipokea. Nikafikiri kidogo.

"Wote unaowakumbuka ni waliopona. Hakuna aliyekufa?"

"Wanakufa kwa mengine."

"Kwa yapi?"

Akapiga jembe mara kadhaa. "Nkwabi," alisema. Nilimjua kwa jina. Alikuwa rafiki yake, walikimbia pamoja kabla mimi sijazaliwa. "Nkwabi alirogwa. Na watu wa Kahama, kwa sababu alikuwa anawashinda."

"Alikufaje?"

"Amekaza meno. Tulimfungua mdomo kwa mpini wa kijiko, kumpa dawa."

"Kabla ya hapo alianguka?"

Jembe likasimama.

"Nani alimkandika, mjomba?"

Alitazama viganja vyake, akavigeuza, kisha akaendelea kulima hadi mwisho wa tuta, na hakurudi upande wangu. Niliondoka bila kuaga. Sikujua kama nimemponya au nimemchoma.

Mahindi yakakauka, nikachomwa ya tatu, na kiangazi kikatukuta tena Buseresere. Nilikuwa nimejaa uoga. Siku za mazoezi kulikuwa na magari nayo yakijaribiwa, na kila injini iliponguruma nyuma yangu mgongo ulikumbuka, taya likafunga, mikono ikang'ang'ania usukani. Kona ya tatu nilikuwa naipiga kama bibi anayevuka mto. Mjomba hakunipigia kelele. Hakunigusa hata bega. Alizungumza nami kupitia Shija, "Mwambie ainue pedeli ya ndani," huku nimesimama mbele yake. Kwenye mfuko wa baiskeli nilikuwa na dumu la maji, kipande cha sabuni na brashi ya kufulia. Wenzangu waliviita zahanati.

Siku ya mwisho ya mazoezi mjomba alichoka kututazama. "Nyie mnaibembeleza kona," alisema. "Haibembelezwi." Akapanda baiskeli ya Shija, na umri wake, na kofia yake, akaondoka. Kona ya kwanza akapiga vizuri kweli. Ya pili vizuri. Ya tatu pedeli ikagonga.

Alipaa. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akipaa. Alitua kwa kiganja na kiwiko, akagaragara mpaka kwenye matairi, na tulipomfikia damu ilikuwa inamwagika kwenye kiganja, ngozi imefunuka kama bahasha. Alikuwa amekaa. Hakuwa anatutazama. Mkono wake mzima ulikuwa tayari umepita nyuma ya matairi, kwenye njia ya ng'ombe, na umerudi umejaa.

"Mjomba, tupa."

"Mimi mzee. Udongo umenizoea."

"Tupa!"

Aliutazama ule udongo. Nadhani alitaka kuutupa. Lakini vidole vyake viliendelea kusogea kuelekea kwenye jeraha vyenyewe, kwa sababu havikuwahi kufanya kitu kingine baada ya kuanguka.

"Shija," nikasema. "Kifuani."

Shija alimrukia. Wengine wakadaka miguu, mmoja akakalia mkono wenye udongo mpaka ukafunguka. Mjomba alipigana. Alimpiga Shija teke la tumbo, akatutukana kwa Kisukuma hadi kizazi cha babu zetu. Nilimwaga maji, nikapaka sabuni, nikashika brashi. Ndani ya jeraha kulikuwa na vumbi la lami na mchanga. Nilisugua. Alipiga kelele ambayo niliitambua, ilikuwa yangu. Alinitemea mate, yakanipata shavuni. Nilijifuta kwa bega, nikaendelea kusugua.

"Unaniua, Luhende!"

"Tayari. Bado kidogo. Tayari."

Nilipomaliza sote tulikuwa tumelowa, na mjomba amelala akitazama juu, anahema. "Nkwabi," alisema, si kwa yeyote kati yetu. "Nilimkandika udongo wa pale darajani alipoangukia."

Baiskeli zetu zilikuwa zimevuliwa keria, kwa hiyo nilimpakia kwenye bomba la mbele kama watu wanavyopakia wachumba, mkono wake umefungwa kwa fulana yangu, nikamkimbiza zahanati ya Buseresere. Kichwa chake kilinigonga kidevu kila tulipopita shimo. Alichomwa sindano, akapewa tarehe za kurudi. Alimuuliza mhudumu mara mbili kama ya tatu ni ya lazima.

Mama alikuwa ameshafika kambini kwa ajili ya mbio za Jumapili. Tulimkuta ameketi mlangoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua mchele. Alimwona mdogo wake akishuka kwenye bomba la baiskeli, bandeji nyeupe mkononi, sabuni imekauka kwenye nywele. Akamtazama, bandeji, uso, bandeji. Mjomba alisimama pale pale, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Wamekuchoma?" mama akauliza.

Ulikuwa umepita mwaka mzima hajamsemesha.

"Wamenichoma, dada."

"Imeuma?"

"Imeuma sana."

"Vizuri," mama akasema, akasogea kidogo, akampisha nafasi kizingitini. "Kaa. Nyoosha huo mkono, usiuninginize."